Rangi ya Tatu

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tatu asubuhi, na mashine ya Sirili ya kukatia mawe ilikuwa imesimama kimya. Hata hivyo maji kwenye kopo lililo chini ya diski yalitikisika. Ngo. Ngo. Ngo. Mara tatu, kama mtu anayegonga sakafu kutoka chini, kisha yakatulia.

"Mikidadi, umegonga meza?"

"Mimi nimeshika koleo tu, ndugu yangu," alijibu Mikidadi, sonara waliyepanga naye kibanda kimoja hapo Shirimatunda, yeye akifua pete na Sirili akikata mawe. "Labda ni tumbo lako. Ulikunywa chai kavu."

Walicheka. Lakini puani mwa Sirili palikuwa na harufu ya baruti, na kwenye kibanda kile haijawahi kuingia baruti.

Moyoni alijua ilikoanzia. Wiki mbili nyuma alikuja mama mzee kutoka Marangu, jina lake Lukresia, amefunga tanzanaiti ghafi kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hili alinitumia Yoramu, mwanangu wa kuzaa, siku chache kabla shimo halijamfukia kule machimboni. Mwili haukutoka. Nimebaki na hili tu."

Sirili aliligeuza mwangani. Upande mmoja bluu, upande wa pili zambarau, na upande wa tatu kahawia, kama buni iliyokaangwa vizuri.

"Hiyo kahawia ndiyo macho yake," mama akasema. "Nikatie nivae shingoni. Ila usilichome. Alikufa kwa moshi wa baruti humo shimoni. Usimtie motoni mara ya pili."

"Sawa, mama."

Sasa, mkata tanzanaiti huchoma jiwe kama mpishi anavyoosha mchele, hata hafikirii. Jiwe likipita kwenye tanuru kahawia inakufa, na bluu inabaki peke yake, inang'aa. Mikono ya Sirili ilishazoea. Alilipasua penye ufa, akavifukia vipande vyote viwili kwenye jasi, akawasha tanuru, akijiambia kwamba mama mwenyewe atafurahi akiiona bluu ile. Kipande kikubwa alikikata kwa ajili ya mama. Kile kidogo, sawa na punje ya hindi, hakupanga kukirudisha. Alimdanganya Mikidadi kwamba ni chake, akaomba kipachikwe kwenye msalaba wa fedha wa binti yake Doris, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akijiandaa kwa komunyo ya kwanza. Mungu atusamehe. Tunaiba mpaka vitu vya kwenda navyo altareni.

Siku alipojaribishwa msalaba ule, Doris alianza kukohoa. Hospitali walipiga picha, mapafu safi. Lakini kila asubuhi mama yake, Hilaria, alikuta kwenye mto vumbi jeusi la kumetameta, lile linalowapaka wachimbaji mpaka kwenye kope.

Mchana mmoja wa ukungu, mlima hauonekani kabisa, Doris alitoka shule akapitia kibandani. Alikaa kwenye stuli, akainamisha kichwa, akagonga meza mara tatu kwa kifundo cha kidole, na maji kwenye kopo yakajibu, na koleo za Mikidadi zikajibu ukutani, na harufu ya baruti ikapanda kutoka kwenye nyufa za sakafu mpaka macho yakawachoma, na mtoto akafungua mdomo bila kuinua uso, ikatoka sauti ya mwanamume, imekauka, imejaa mchanga, ikasema polepole kama mtu anayebana pumzi zilizobaki: "Vuteni kamba."

Mikidadi alisoma dua zote alizozijua, jasho likimtoka. Alipomaliza akanong'ona, "Sirili, huyu aliyemwingia mtoto ana kwao. Naweza kusoma hapa mpaka kesho, atasogea pembeni tu. Umefanya nini?"

"Nililichoma jiwe. Yule mama wa Marangu alinikataza."

"Basi nenda kwake. Ukamwambie yote."

Sirili alipanda Marangu, jiwe mfukoni, jani la isale mkononi. Mchagga akiletewa isale hawezi kunyima msamaha, na aliyelishika hasemi uongo. Lukresia alimpokea kihambani, kati ya migomba ya nyumbani kwake. Akalishika jiwe lile la bluu, akaligeuza upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akatafuta tena.

"Umempofusha mwanangu," akasema.

Sirili alipiga magoti, akanyoosha isale, akaeleza habari ya Doris na kugonga kule. Bibi alilia bila sauti.

"Mara tatu ndiyo ishara ya wachimbaji. Maana yake, walio juu wavute kamba. Wenzake waliisikia, wakakimbia." Akalipokea jani. Sirili alikuwa bado hajaliachia. "Na jiwe ni lote hili?"

Moyoni Sirili akaliona gauni jeupe la Doris limetundikwa nyumbani. Akauona msalaba, padre ameshaubariki. Punje ya hindi tu!

"Ni lote, mama."

Lukresia alilibana jiwe kifuani, akapiga ardhi mara tatu kwa kiganja, akamwita Yoramu kwa Kichagga, kama anavyoitwa mtoto aliyechelewa kurudi kwa chakula. Saa ile ile Hilaria akapiga simu. "Baba Doris, amelala. Anapumua vizuri!"

Wiki tatu zilipita salama. Jumapili ya komunyo Doris alipanga mstari na wenzake, msalaba kifuani. Padre akainua hostia. Mtoto akafungua kinywa, na vumbi jeusi la kumetameta likamwagika juu ya gauni. Hakukohoa. Alimtafuta baba yake kwa macho, na ile sauti ya mchanga ikasema, "Mmenivuta nusu."

Sirili alimvua msalaba, akatoka mbio na suti yake, akapanda gari mpaka Marangu. Kihambani palikuwa na turubai na viti vya kukodi. Lukresia alikuwa amezikwa jana yake, jiwe lake shingoni. Juu ya kaburi walikuwa wamepanda isale.

Alichimba udongo kwa vidole, akaufukia msalaba hapo, akachuma jani la isale, akalinyoosha. "Mama, nimeleta kilichobaki. Nilikudanganya." Lakini hakuna aliyelipokea jani mkononi mwake, wala aliyemwita Yoramu.

Jioni alimkuta Doris mezani, anaandika kazi ya shule. Anapumua vizuri. Sirili alitaka kumshukuru Mungu, ndipo mtoto akageuka kuelekea dirishani, mwanga ukamwingia machoni. Tangu kuzaliwa macho yake yalikuwa meusi. Sasa yalikuwa kahawia, kama buni iliyokaangwa vizuri.

Akagonga meza mara tatu, akasubiri, akisikiliza sakafu.

"Mama naye sasa yuko chini," ikasema ile sauti ya mchanga. "Nani atavuta?"