Maji Yasiyogeuka Waridi

Mgeni alifika bwawani saa mbili na robo asubuhi na mapipa kumi na mawili ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Lori lilirudi kinyumenyume hadi mlango wa ghala. Akashuka mwanamume mrefu, glovu nyeusi mikononi, karatasi ya mzigo kwapani.

"Klorini," alisema. "Nisainie hapa, mzee."

Fundi wa maji alikuwa amepiga magoti kando ya bwawa, mikono imelowa hadi viwikoni. Hakuinuka.

"Umepotea njia, kijana."

"Hili si bwawa la kuogelea?"

"Ndilo."

"Basi? Bwawa gani halitumii klorini?"

"Hili."

Macho ya mgeni yalikimbilia ghala. Nusu sekunde tu.

Kwa Sindano, aliyesimama nyuma ya fundi na ndoo, nusu sekunde ilitosha.

Wiki tatu sasa alikuwa msaidizi wa fundi: ovaroli ya buluu, ndoo, brashi. Fundi alimwita binti. Hakujua kwamba ndani ya sanduku la vipimo vya maji, chini ya vichupa, mlikuwa na redio ya Motorola. Wala hakujua kwamba chini ya ovaroli ile kulikuwa na bastola ya Makarov yenye kiziba sauti. Kituo, ofisi ya ujasusi iliyomtuma, kilikuwa kimenasa sentensi moja: *Mzigo utalala penye maji.* Na ukuta kwa ukuta na ghala la bwawa palikuwa na ukumbi wa mikutano. Saa nne asubuhi hiyo, wajumbe wa nchi mbili zilizopigana miaka sita wangetia saini amani humo. Watu mia mbili.

"Meneja ameshakubali," mgeni alisema, akiikunja karatasi. "Nashusha."

Akashusha yote, peke yake, bila kuvua glovu.

Fundi alimtazama kama mtu anayetazama viatu vyenye matope juu ya mkeka wake.

"Miaka tisa, binti," alimwambia Sindano. "Miaka tisa sijaingiza hapa hata kidonge kimoja. Mwanangu ana pumu. Bwawa la shuleni kwao lilimpeleka hospitali mara tatu, kifua kinapiga filimbi. Nikasema nitamtengenezea maji yake. Wakanicheka weee! Wakaniita Daktari wa Ndoo."

Sindano alikuwa ameujifunza mtambo wake wote. Maji yalipita kwenye chujio la mchanga, yakaingia katika silinda yenye taa ya mionzi inayoua vijidudu, yakapigwa viputo vya ozoni, yakapita kati ya vipande vya shaba, yakarudi bwawani. Usiku na mchana. Pampu haikuzimwa, na chujio lilioshwa kila siku saa kumi kamili alasiri.

Kila asubuhi fundi alijaza maji kwenye kichupa na kutia kidonge kidogo cha kupimia. Klorini ikiwemo, maji yanageuka rangi ya waridi. Hayakugeuka hata siku moja.

"Kwa nini tupime kitu tusichokitia?" Sindano alimuuliza siku ya kwanza.

"Ili mtu akitutilia, tujue."

Sasa Sindano aliingia chumba cha pampu. Akafungua sanduku.

"Sindano kwa Kituo. Mzigo umefika. Klorini. Naingia."

"Hapana." Sauti ya Mkuu ilikuwa tulivu, ya mtu aliyekaa kitini. "Tunamtaka anayemtuma. Mwache apige simu."

"Mkuu, wakifanya jambo hapa, dunia itasema klorini ya bwawa imevuja. Ajali imeshapewa sababu kabla haijatokea."

"Subiri amri yangu."

Alisubiri, mgeni akiwa bado ghalani. Saa tatu. Saa tatu na nusu. Saa tatu na dakika arobaini.

Brashi ya fundi ilikuwa imelala kando ya bwawa. Fundi hakuwepo. Mkokoteni haukuwepo.

Sindano alielewa. Mzee hakungoja amri ya mtu. Alikwenda kuyarudisha mapipa mwenyewe.

Alikimbilia ghalani.

Mapipa kumi na moja yalikuwa ya klorini ya unga, ya kuzugia macho. La kumi na mbili lilikuwa la chuma, lina vali, na kutoka kwenye vali mpira mnene ulipanda hadi tundu la ukutani. Upande wa pili wa tundu, kiyoyozi cha ukumbi kilikuwa kinavuta hewa.

Mgeni alikuwa amevaa barakoa ya gesi. Bastola yake ilikuwa inamtazama fundi kifuani.

"Toa takataka zako ghalani kwangu," fundi alisema.

"Mzee, unataka kufa kwa ajili ya bwawa?"

"Nimesema toa!"

Sindano alipiga risasi mbili. Ya kwanza ilivunja goti. Ya pili ilirusha bastola chini ya rafu. Lakini mgeni alianguka na mkono wake ukiwa juu ya vali, na vali ikafunguka. Mpira ukachomoka.

Moshi wa manjano-kijani ukatambaa sakafuni.

"Toka, mzee! Toka!"

Fundi hakutoka. Alijaza pumzi kifuani, akaingia ndani ya moshi kama anavyoingia mtu jikoni kwake, akaishika vali. Mzunguko mmoja. Miwili. Kwenye wa tatu pumzi ilimwishia, akavuta nyingine. Wa nne.

Vali ikafunga.

Sindano alimburuta nje, kisha akarudi na kitambaa kilicholowa usoni kumtoa mgeni. Mgeni alikuwa na barakoa. Aliendelea kupumua vizuri sana.

Fundi alilala kwenye vigae, midomo ikigeuka rangi. Aliitazama bastola.

"Kumbe si msaidizi."

"Si msaidizi, mzee wangu."

"Nilijua. Hata brashi... hukujua kushika." Alitaka kucheka, kikohozi kikamkata. "Chujio. Saa kumi."

"Nitaliosha."

"Na ule uchafu... usiingie kwenye maji yangu."

"Hata chembe. Nakuahidi."

Gari la wagonjwa likamchukua. Upande wa pili wa ukuta, watu mia mbili walikuwa wanapiga makofi. Amani ilikuwa imetiwa saini. Hakuna aliyekohoa.

Saa tisa redio ilikoroma.

"Kazi nzuri," Mkuu alisema. "Mgeni ameanza kusema."

"Fundi je?"

"Amefia njiani."

Sindano aliegemea pampu. Ilikuwa inatetemeka taratibu, yenye joto, kama ubavu wa mnyama aliyelala.

"Sasa sikiliza," Mkuu aliendelea. "Wajumbe wakijua kwamba nusura wauawe, mkataba unachanika leo leo. Taarifa itasema fundi alizembea na klorini ya bwawa. Waandishi wanafika saa kumi na robo. Chukua pipa moja la unga, mwaga majini. Maji yanuke kama wanavyotegemea."

"Hakuwahi kutia klorini humu."

"Leo ametia."

"Ana mtoto, Mkuu. Na mke. Wataambiwa kwamba alijiua kwa uzembe?"

"Mtu mmoja, kwa nchi mbili. Mwaga, halafu uondoke. Ndege yako ni saa kumi na moja."

"Kama mngeniruhusu saa mbili, angekuwa hai."



"Usipomwaga," Mkuu alisema polepole, "huna kazi. Huna jina. Na kuna chumba chetu kimoja kisicho na dirisha. Unakifahamu."

"Nakifahamu."

Akazima redio.

Alikaa kando ya pampu hadi Casio yake ya mkononi iliposoma saa kumi kamili. Sindano aligeuza mpini wa chujio kama alivyofundishwa. Maji machafu yalitoka kwenye bomba la kioo, ya kahawia, halafu ya chai, halafu meupe. Akarudisha mpini. Hakuharakisha.

Kisha akafunga ghala kwa kufuli na kuutupa ufunguo kwenye mtaro.

Waandishi walifika. Msemaji wa serikali alisimama kando ya bwawa, suti imepigwa pasi, akasoma: uzembe, klorini nyingi kupita kiasi, masikitiko makubwa.

Mwandishi mmoja wa kike aliyekuwa mbele alikunja pua.

"Mbona maji hayanuki?"

Msemaji aligeuza karatasi. Upande wa pili haukuwa na kitu.

Sindano alisogea na ovaroli yake ya buluu, akampa mwandishi yule kichupa na kidonge. "Chota mwenyewe, dada. Ikiwemo, yatageuka waridi."

Mwandishi alichota. Akatia kidonge. Akatikisa. Akainua juu, kamera zote zikageuka.

Walingoja dakika nzima.

Maji yalibaki kama machozi.

"Aliyafanyia kazi miaka tisa," Sindano alisema. "Andikeni hilo."

Aliiweka Makarov na redio ndani ya ndoo, akafunika kwa kitambaa, akatembea kuelekea getini. Hakugeuka. Land Cruiser nyeusi ya Kituo ilikuwa inamngoja, na mwanamume mmoja alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma.

"Umemaliza?" aliuliza.

Sindano aliingia, akakaa, akafuta mchanga wa chujio kwenye vidole vyake.

"Nimemaliza."