Makofi ya Kilo kwa Mjomba Kyule

Kwa nini magurudumu ya mbele hayakuzunguka hata robo mzunguko? Kavindu alijiuliza swali hilo akiwa amening'inia dirishani, huku maji ya kahawia ya Novemba 1997 yakilamba milango. Magurudumu ya nyuma yalichimba udongo mweusi kama fuko aliyepagawa. Kila mjomba Kyule alipokanyaga mafuta, Landrova kuukuu ya chama chao cha akiba ilizidi kukaa kitako katikati ya bonde, kati ya mitaa ya Tassia na Mukuru kwa Reuben.

"Bonyeza kile kifundo cha njano cha magurudumu ya mbele, mjomba!"

"Nimebonyeza! Usinifundishe gari, wewe wa vitabu."

Kwenye kiti cha nyuma alilala Mbithi, kaka yake Kavindu, paja limepasuliwa na bati lililong'olewa na upepo. Leso aliyofungwa ilikuwa ya pili, nayo ilikwisha kulowa damu. Zahanati ilikuwa ng'ambo.

Kavindu akashuka, maji yakamfika kiunoni. Akajizamisha, akapapasa chini ya gari mahali ilipopaswa kuwa shafti ya kuyazungusha magurudumu ya mbele. Shafti haikuwepo. Palikuwa na mfuko wa nailoni uliokazwa kwa ukanda wa mpira kuziba pengo lake.

"Mjomba, shafti iko wapi?"

Kyule akakohoa. "Niliitoa. Mzigo wa bure ule, unakula mafuta. Mjini nani anahitaji kuvutwa na magurudumu manne?"

Kumbe ndiyo hekima yenyewe! Mwezi Juni, mbele ya mkutano, fundi huyu wa kujitangaza alikuwa amesimama na koti lake la heshima, akatamka kwamba kwa ujuzi wake Landrova sasa hainywi petroli, inainusa tu. Wanachama wakampigia makofi ya kilo, yale mazito ya kupigwa kwa pamoja. Hakuna aliyeuliza ametoa nini. Na Kavindu, msomi wa chuo kikuu, alikuwa amepiga makofi hayo kwa nguvu kuliko wote. Dharau aliyokuwa nayo kwa mjomba wake ilimrudia yeye mwenyewe, chungu kama shubiri.

"Basi na inuse maji haya," alisema.

"Mkimaliza kugombana nitakuwa maiti," Mbithi akanong'ona. "Nina kiu."

"Maji haya usiyanywe. Fumba mdomo. Mjomba, ng'oa kiti!"

Walimlaza Mbithi juu ya kiti, wakakibeba mabegani. Kavindu alitangulia, akiipima njia kwa kipini cha jeki.

"Lenga bomba la moshi la kiwanda! Mkondo unatusukuma kulia."

"Hapa pana shimo?" Kyule akauliza kutoka nyuma.

"Pana. Panda kushoto."

Mara mbili Kyule aliteleza. Mara ya pili aliibuka bila viatu.

Kutoka ng'ambo, mchomelea vyuma aitwaye Okoth aliwarushia kamba.

"Shikeni hiyo! Na hiyo gari yenu, mzee, ni ya kazi ama ni ya maonyesho?"

"Ya maonyesho," Kavindu akajibu, akaidaka.

Mbithi alishonwa nyuzi kumi na tisa, akalala akipumua vizuri. Wanachama walipofika zahanati, Kyule alikuwa pekupeku barazani, keshaanza kuwaeleza jinsi udongo wa bonde lile ulivyo mkaidi.

Kavindu akasimama, matope yamemkaukia hadi shingoni.

"Kesho tutalivuta gari," alisema. "Shafti itarudishwa mahali pake, na petroli itakayonywewa itanywewa. Mjomba Kyule hatashika spana tena kwenye gari la chama. Anayepinga aingie ndani, aseme mbele ya Mbithi."