Kidonda cha Chiriku

Kila asubuhi kambini kazi zilikuwa zilezile: kukunja mahema, kuchota maji kijitoni, kuyachemsha, kisha kubeba mizigo na kuanza kutembea msituni. Vijana walioletwa pale hawakuwa watukutu. Walikuwa na huzuni au hofu iliyowashinda, hata nyumbani wakawa hawali wala hawalali. Nesi aliyewaongoza aliamini kwamba mwili ukitembea na macho yakaona miti badala ya kuta, akili nayo hupata nafuu.

Kabla ya safari aliwapitia mmoja mmoja.

"Umeamkaje, Chiriku?"

"Salama."

"Na miguu?"

"Mizima."

Uongo mtupu. Kiatu kilikuwa kimemchubua kisigino, lengelenge likapasuka, na sasa palitoka usaha. Lakini msichana huyu alishazoea kusema salama. Tangu kaka yake afariki, kila aliyemuuliza hali alipata jibu hilohilo. Mama alikuwa akijifungia jikoni kulia; nani angethubutu kumwongezea mzigo? Jina la Chiriku alipewa enzi zile akipiga soga kutwa nzima. Siku hizi lilibaki jina tu.

Siku hiyo kilima kilimshinda. Mtoki ulimvimba kinenani, homa ikampanda, akatetemeka juani kama aliyemwagiwa maji. Alijikaza kisabuni, akajikokota, mpaka miguu ikamkatalia na akaanguka njiani.

Nesi alimvua kiatu taratibu. Soksi ilikuwa imegandia kwenye kidonda, na uvimbe umepanda hadi kwenye ugoko.

"Mwanangu, hiki kimekuuma tangu lini?"

"Tangu tulipofika."

"Na kila nikikuuliza?"

Chiriku aligeuza uso. "Niache hapahapa, nesi. Nimechoka. Kaka hayupo, na mimi sioni sababu ya kuamka tena."

Nesi hakumkemea. Alimshika mkono.

"Umefanya vizuri kuniambia. Sikuachi, na leo hutakaa peke yako hata kidogo."

Wenzake walitengeneza machela kwa miti miwili na mablanketi, wakambeba kwa kupokezana hadi barabarani. Mmoja wao, kijana mwembamba waliyemtania kwa kumwita Tembo, alihema kama anayesukuma gari.

"Wewe mwepesi," alimwambia Chiriku. "Maneno uliyoyameza ndiyo mazito."

Hospitalini kidonda kilisafishwa na dawa zikaanza kufanya kazi. Mama alifika mbiombio, kanga ikimteleza begani.

"Unaendeleaje, mwanangu?"

Neno salama lilimfika Chiriku mdomoni. Akalirudisha.

"Vibaya, mama. Mguu unauma. Na ninamkumbuka kaka mpaka natamani nisiamke."

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda. "Mimi kila usiku nalala kwenye kitanda chake," alisema. "Nilidhani wewe umeshamsahau."

Wakalia wote wawili, kwa mara ya kwanza pamoja. Nesi aliwaacha walie kwanza.

"Mguu utapona," alisema baadaye. "Kwa hili la moyoni, yupo mshauri hapa, mtakwenda kumwona pamoja. Lakini sikiliza, Chiriku. Kidonda cha mguu nilikiona kwa sababu ulianguka. Cha moyoni hakionekani mpaka mwenyewe useme. Ukiulizwa hali na mtu mzima unayemwamini, mwambie ukweli, hata kama utamliza. Kumliza mama si kumuumiza."

Mama alifuta macho kwa kanga, akavua viatu, akapanda kitandani kando ya binti yake.

"Haya," alisema, "anza wewe."