Koti la Blanketi

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Kisomo cha watu wazima alikimaliza mwaka jana, na sasa alisoma kila kitu, hata gazeti la kufungia sabuni.

Asubuhi moja bintiye alimwambia, "Mama, nimepata mchumba. Kwao ni mbali, kwenye theluji."

Cherehani ilinyamaza.

"Watu hao siwajui," alisema Mama Pindo. "Nitamtoaje mwanangu kwa watu nisiowajua?"

Binti alilia siku nzima. Jioni jirani yao, mkutubi wa maktaba, alikuja kuchukua sketi yake. Akamkuta mama naye ana macho mekundu, akaelezwa yote.

"Kama huwajui, njoo uwajue," alisema. "Maktaba yetu ina chumba cha vitabu vya nchi za nje."

"Mimi ninayesoma kwa kuungaunga?"

"Vingi vimetafsiriwa. Kadi ni bure. Usichokiona, uliza. Ndiyo kazi yetu."

Kesho yake, maktabani, mkutubi alimwekea mezani vitabu viwili vya nchi ya mchumba. "Hiki cha historia kitakuambia nchi ilipitia nini. Hiki cha hadithi kitakuonyesha watu waliishije. Visome pamoja. Kinachorukwa na kimoja, kingine hukieleza."

Mama Pindo alivisoma nyumbani, kidole chini ya kila mstari. Historia ilisema palikuwa na vita, na wakati wa baridi watu wakakosa nguo. Kwenye hadithi, mama mmoja alikata blanketi lake la pekee, akamshonea mwanawe koti.

Mama Pindo alihisi baridi vidoleni. Vipande vya pamba vilianguka kutoka mezani, naye akaona theluji. Ilishuka juu ya cherehani na mabega yake, kimya, bila kulowesha kitu. Yule mama wa kitabuni alikuwa ameketi kando yake, anatunga uzi kwenye sindano.

Jumapili binti alimpigia mama wa mchumba simu ya video.

"Mwulize," alisema Mama Pindo, "kwao kuna aliyeshonewa koti la blanketi?"

Binti alitafsiri. Mwanamke yule akainuka, akaondoka.

"Mama, umemuudhi!"

Lakini akarudi, ameshika koti dogo la kijivu.

"Anasema lilikuwa la baba yake," binti alinong'ona. "Alishonewa utotoni na mama yake, wakati wa vita."

Mwanamke aliligeuza ndani nje, akalisogeza karibu. Mama Pindo akavaa miwani. Akaufuata mshono taratibu, hadi mwisho.

"Huu ni mkono wa fundi," alisema. "Mwambie aje tupange harusi. Na koti aje nalo. Hapo kwapani pameanza kufumuka."