Baba Mfano na Mwiko wa Sekunde Kumi

"Sogea kidogo, mke wangu. Kivuli chako kinaingia kwenye picha."

Mama Sufuria akasogea. Alikuwa ameinamia yale mafiga tangu walipoteremka kwenye gari, macho mekundu kwa moshi, kiuno kinamuuma. Mumewe akamchukulia mwiko mkononi, akabonyeza kitufe cha kamera iliyosimama kwenye miguu yake mitatu, akakimbilia sufuria.

"Sekunde kumi! Binti, cheka! Na wewe dada yangu, nyoosha shingo!"

Kamera ikalia, kacha!

"Safi kabisa. Haya, shika mwiko wako."

Akarudishiwa mwiko wake. Miaka minne sasa, kila safari ndiyo hivyo hivyo. Nyie mnaosaga meno mkiona ndoa za watu mitandaoni, hebu sogeeni hapa niwaambie.

Mwanaume huyu ni fundi wa friji, mchapakazi, hana pombe hana ugomvi. Ugonjwa wake ni kamera. Aliinunua kuukuu, akajifundisha mwenyewe, na kila likizo anaipakia familia garini kwenda kupiga kambi: ziwani, mlimani, popote penye mwanga mzuri. Picha anazitia kwenye ukurasa wake, na huko watu wamempa jina: Baba Mfano. Kwa nini? Kwa sababu kila picha yumo yeye na mwiko, anapika.

Mkewe ni mpishi wa hospitali. Siku sita kwa wiki anakoroga masufuria ambayo mtoto anaweza kuogelea ndani, ndiyo maana wagonjwa wakamwita Mama Sufuria. Siku ya saba anakoroga la nyumbani. Na likizo ikija, analikoroga lile lile, ila juu ya mawe.

"Wifi, sikia hii!" dada wa mumewe alisema, kajilaza kwenye kiti cha kukunja, simu mkononi. Huyu ni msusi, mdomo wake haujui kupumzika. "Kaka ameshaposti. 'Leo nawapikia malkia wangu na binti yangu. Mwanaume wa kweli haogopi moshi.' Ha! Kaka yangu huyu? Akichemsha maji yanaungua!"

"Watu wamesemaje?" Mama Sufuria aliuliza, si kwamba alitaka kujua.

"'Jamani huyo mwanamke aliomba dua gani?' Mwingine huyu: 'Mume wangu hata chai hajui, naomba namba ya Baba Mfano amfundishe.' Mwingine: 'Dada pumzika, umepata bahati yako.'"

Mama Sufuria akafuta machozi ya moshi kwa kiwiko. Bahati yake ilikuwa inataka kuni nyingine.

Mume akaja mbio. Simu yake alikuwa ameichomeka garini ipate chaji.

"Mke wangu, niazime simu yako dakika moja niwajibu watu. Wananisubiri."

Hakusubiri kujibiwa, aliichukua pale pale kwenye mkeka. Akaanza kubonyeza huku anatabasamu. Kisha tabasamu likamkauka. Ujumbe ulikuwa umeingia mbele ya macho yake, kutoka kwa mkuu wa jiko la hospitali:

"Mama Sufuria, hospitali ya kule mpakani wanataka jibu leo kabla ya saa kumi na moja jioni. Mpishi mkuu, wasaidizi wanne chini yako, miaka miwili. Ukikaa kimya wanampa mwingine."

"Hii ni nini?"

"Si umesoma?"

"Nimesoma. Kule ni safari ya kutwa nzima kwa basi!"

"Najua."

"Miaka miwili!"

"Kuhesabu najua pia."

"Sasa..." Mwanaume alitazama sufuria, akamtazama mkewe, akatazama tena sufuria. "Sasa sisi tutakula nini?"

Msusi akaishusha simu yake taratibu.

"Kaka! Yaani katika maneno yote ya duniani, hilo ndilo limekutangulia mdomoni?"

Mama Sufuria hakupiga kelele. Angepiga kelele labda mumewe angejua la kufanya. Alifunika sufuria, akakaa juu ya gogo, akaongea kwa ile sauti ya mtu aliyemaliza zamu.

"Wiki tatu nimelala na ujumbe wa kwanza wa kazi hiyo. Kila asubuhi nasema, leo nitakataa. Nakubali vipi nimwache mume wangu, nimwache binti yangu? Nikasema, ngoja twende safari. Akiniuliza hata mara moja kama nimechoka, nakataa, nabaki. Leo unajua umeniuliza nini tangu alfajiri? Chumvi iko wapi, kamera iko wapi, na kivuli changu kinafanya nini kwenye picha yako."

"Mke wangu, umechoka?"

"Usinichekeshe."

"Mimi nakujali! Kila safari nawaleta mfurahi, tunakuwa pamoja..."

"Nionyeshe picha yangu."

"Picha gani?"

"Yoyote. Miaka minne. Nionyeshe moja tu ambayo nipo."

Akaichukua kamera, akaanza kutafuta. Alitafuta kwanza kwa haraka, kama mtu mwenye uhakika. Baadaye polepole. Ziwa. Mlima. Binti na puto. Yeye na mwiko. Yeye na mwiko. Msusi anakula. Kiwiko cha mtu pembeni. Mgongo wa mtu aliyeinama. Yeye na mwiko.

"Lakini wewe mwenyewe ulisema hutaki kupigwa picha ukiwa na masizi!"

"Nilisema nisubiri ninawe uso. Hukusubiri, ukapiga. Na safari iliyofuata hukuniuliza tena."

Aliizima kamera. Na mimi nasema hapa, hakuwa mtu mbaya. Safari ile ya kwanza kabisa alimshikia mkewe mwiko ili amfunge binti kamba za viatu, dada yake akampiga picha kwa utani, watu wakasifu. Alipaswa kucheka na kusema jamani nimeshikishwa tu. Hakusema. Sifa ni tamu, asikudanganye mtu. Toka siku ile kutosema kukawa ndiyo kazi.

"Hodi hapa! Samahani jamani!"

Walikuwa vijana wawili kutoka hema la jirani. Msichana alikuwa mwalimu wa chekechea, mchangamfu, pete mpya inang'aa kidoleni. Nyuma yake mchumba wake, dereva wa lori, uso umemshuka kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

"Ni yeye! Si nilikuambia? Baba Mfano mwenyewe! Shikamoo kaka!"

"Marahaba," Baba Mfano alijibu.

"Kaka, mimi nakufuatilia mwaka mzima. Tunaomba utufundishe wali wako ule wa kuni. Huyu mchumba wangu nimeshamwambia, mwanaume asiyejua kumpikia mkewe kama Baba Mfano mimi simtaki. Leo amekuja kujifunza. Akishindwa, pete yake hii hapa, aichukue."

"Ananitania," dereva alisema.

"Sikutanii."

Sufuria ya maharage iliepuliwa, sufuria tupu ikawekwa. Baba Mfano akageuka kumtafuta mkewe kwa macho, yale macho ya niokoe. Siku zote alikuwa anaokolewa. Wapita njia wakichungulia, kulikuwa na ishara zao: vidole viwili ni chumvi, kiganja ni punguza moto. Mama Sufuria alikuwa ameshavua viatu, amejinyoosha kwenye mkeka, mkono juu ya macho.

"Mke wangu..."

"Nimelala."

Basi akaanza. Aliweka mafuta mengi, kisha mchele mkavu, kisha akakumbuka maji. Akatia chumvi. Akazungumza kidogo kuhusu mwanga wa asubuhi, akatia chumvi tena. Akakoroga, akakoroga, mpaka dereva akashindwa kuvumilia.

"Kaka, si tungeacha maji yachemke kwanza? Mama yangu huwa..."

"Acha kumfundisha mwalimu!" mchumba wake akamkatiza.

"Mimi nauliza tu. Harufu si kama inaungua?"

"Unaona? Mtu anakufundisha unaleta mdomo! Ndiyo maana nasema hufanani naye hata kidogo. Mwenzio anampenda mkewe, tazama mkewe alivyojilalia pale, malkia! Mimi nitakuja kulala hivyo lini?"

Dereva alisimama. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na uchovu ule Mama Sufuria, chini ya mkono wake, aliutambua kwa sauti.

"Mwaka mzima nafananishwa na huyu bwana. Naendesha lori siku nne sijalala, nikifika naonyeshwa picha yake. Basi. Vua pete, nipe, mimi niende zangu."

Mwalimu akashika kidole chake. Pete akaanza kuivuta.

"Dada, subiri. Usiivue."

Alikuwa Baba Mfano. Mwiko uko mkononi, wali unafuka moshi mweusi, binti yake wa miaka tisa anamtazama.

"Mimi sijui kupika."

"Eti?"

"Sijui. Sijawahi. Nashika mwiko sekunde kumi, kamera inalia, naurudisha kwa mwenyewe. Mwenyewe ni yule pale. Si kwamba yule amepumzika kwa sababu anapikiwa, yule ameanguka kwa uchovu. Mnachokiona kwenye picha zangu ni cha kwake chote. Hata huu wali, kama angekuwa macho, usingekuwa hivi."

Dereva akashika kichwa.

"Sekunde kumi! Kaka, mimi nimesimangwa mwaka mzima kwa ajili ya sekunde zako kumi!"

"Nisamehe, ndugu yangu."

Mwalimu wa chekechea alimtazama Baba Mfano, akamtazama mwanamke wa kwenye mkeka, miguu yake iliyovimba, vidole vyenye alama za moto. Akarudisha pete ikakaa mahali pake. Hakuomba radhi, maana wengine radhi inawachukua siku mbili tatu. Alimshika mchumba wake mkono tu, wakaondoka, na njia nzima walisikika wakibishana kuhusu nani aliwahi kumpikia nani chai.

Baba Mfano akaja kukaa pembeni ya mkeka.

"Umesikia?"

"Sikuwa nimelala."

"Nimeaibika, mke wangu."

"Aibu yako kesho itakuwa imepoa. Uchovu wangu kesho utaamka na mimi."

Akauweka mwiko chini. "Bado unanipenda?"

Mama Sufuria aliondoa mkono machoni. Alimtazama muda mrefu, yule fundi wake wa friji mwenye masizi puani kwa mara ya kwanza maishani.

"Nakupenda. Nisingekupenda ningekuwa nimeshaondoka, wala usingejua nimekwenda wapi. Lakini nimechoka mpaka nikikuangalia naona kazi. Ukiingia mlangoni sioni mume wangu, naona sahani. Sitaki kukuona hivyo. Inaniuma."

Machozi yakamtoka mwanaume, na haukuwa moshi.

"Nenda," alisema.

"Nini?"

"Nenda kwenye ile kazi. Uwe mkuu, wakoroge wengine. Mimi nitabaki na binti, shule zikifungwa tunakufuata, tunahamia. Friji zinaharibika kila mji, sitakosa kazi."

"Usiseme kwa sababu ya aibu ya leo."

"Nimezipitia zote, mke wangu. Picha mia nane. Hakuna hata moja unacheka. Sikuwa nimekuacha nje ya picha tu. Nilikuacha nje kabisa."

Mama Sufuria alikaa akanyoosha mkono, akapewa simu yake. Aliandika polepole ili mumewe aone kila neno: "Nakubali. Jumatatu ijayo nafika." Akamtazama mumewe usoni kabla ya kubonyeza. Mume alitikisa kichwa kukubali. Mkewe akabonyeza.

"Ukichelewa kuja sikusubiri," alisema. "Nakwambia mapema."

"Sitachelewa."

"Na binti ale vizuri. Maharage ya kopo kila siku sitaki."

"Sawa."

"Baba," binti akasema, amesimama mbele yao na sahani tupu, "mimi nina njaa."

Maharage yalikuwepo, wali ulikuwa mkaa. Baba Mfano akasimama, akajifuta uso, akakwangua sufuria mpaka mikono ikamuuma. Kamera aliifungia garini, akachukua simu yake. Akapima mchele, akasimama na jagi la maji, akageuka.

"Mke wangu, maji kiasi gani?"

"Uliza ukurasa wako."

Msusi alicheka mpaka kiti kikataka kujikunja naye.

"Wifi, asisaidiwe," Mama Sufuria alisema huku anajilaza tena.

"Wifi yangu, nife na njaa kwa ndoa yenu?"

"Utakufa na kaka yako."

Akafumba macho. Jua lilikuwa bado juu, watoto wa mahema mengine wanapiga kelele, na hakuna mtu aliyemwita jina lake. Usingizi ulimchukua alivyo, hajanawa hata mikono. Katikati ya usingizi simu ikatetemeka chini ya shavu. Akafungua jicho moja. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mumewe, aliyekuwa amechuchumaa hatua kumi tu kutoka pale, akiogopa kumwamsha kwa sauti:

"Nimeunguza tena. Naanza upya. Wewe lala."

Akausoma mara mbili. Kisha akageukia upande wa pili, akalala.