Makubadhi Yaliyobaki Mlangoni

Kila akitoka shule, Ummu alipitia dukani kwa Bwana Wazir na kutaja neno ambalo kwake lilikuwa tamu kuliko sukari yenyewe.

"Ami Wazir, niandikie."

Na Bwana Wazir aliandika. Aliandika unga, mafuta ya taa na majani ya chai aliyoagiza mama. Aliandika pia kipande cha halwa ambacho hakuna aliyekiagiza, na ambacho kilikuwa kimeshatua tumboni kabla Ummu hajafika kona ya msikiti. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuwahi kujiuliza maandishi yale mwisho wake ni nini.

Baba yake, Bwana Athman, alijua, ila hakupenda kuyafikiria. Alikuwa na shamba kubwa la ufuta bara, upande wa Mkokoni, mpaka mashifta walipoanza kuvamia vijiji na watu wakayahama mashamba yao. Athman alirudi Lamu mjini akisema kuwa baada ya mwezi mmoja mambo yatatulia. Mwaka ukapita. Huku akingoja, aliendelea kula na kuvaa kama mtu mwenye mavuno ghalani. Deni lilipozidi, aliiweka nyumba rehani kwa Bwana Wazir. Ilikuwa nyumba ya mawe ya ghorofa moja, iliyojengwa na babu wa babu yake. Sasa muda wa rehani ulikuwa umekwisha, na hata senti moja haijalipwa.

Siku hiyo Bwana Wazir hakuandika halwa.

"Mwambie baba yako nakuja baada ya alasiri," alisema, na uso wake haukuwa na mzaha.

Ummu aliufikisha ujumbe. Athman naye akafanya alilozoea kufanya. Aliposikia tu "Hodi!" huko chini, alivuka wikio, ule ujia wa juu unaopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba yao na ya shangazi.

"Mwambie nimekwenda Kizingitini," alinong'ona, akatoweka.

Bi Alawiya, mama yake Ummu, aliacha kushona kofia aliyokuwa akiidarizi. "Mchezo huu tutauacha lini?" aliuliza, lakini aliyeulizwa alikuwa ameshafika ng'ambo.

Ummu akashuka kufungua mlango.

"Shikamoo, Ami. Baba amekwenda Kizingitini."

"Tena?"

"Tena. Amekwenda kununua samaki."

 Bwana Wazir aliangalia daka, baraza ya mawe iliyopo mlangoni, na Ummu akaangalia alipoangalia yeye. Makubadhi ya baba yake, yale mekundu yaliyojulikana na mtaa mzima, yalikuwa yamekaa pale sambamba, yametulia.

"Ndia ya Kizingitini ni ndefu, mwanangu," alisema Bwana Wazir polepole. "Ameiendea miguu mitupu?"

 Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini mwa Ummu: angeweza kusema baba ana jozi nyingine. Lakini mzee huyu alimjua tangu akibebwa mgongoni, na leo hakuwa akimcheka. Ummu aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumdanganya mtu anayekutazama machoni.

"Hakwenda, Ami. Amepita wikioni. Yuko kwa shangazi."

"Basi kamwite. Namngoja hapa. Na umwambie nimepata mtu wa kuinunua nyumba hii. Ijumaa nampa jibu."

Ummu alipanda ngazi mbio, akavuka wikio na kumweleza baba yake. Athman aliposikia, alimaka.

"Umeniumbua, Ummu!"

"Makubadhi yako yamekuumbua kabla yangu, Baba." Kisha akamshika mkono. "Baba, Ijumaa tutakwenda kulala wapi?"

 Athman alivuka wikio kurudi, akashuka ngazi na kuketi dakani mbele ya mdai wake.

"Athman, sikuja kukufukuza," Bwana Wazir alianza. "Mimi nami nadaiwa Mombasa. Ungenijia ukasema huna, tungezungumza. Lakini mtu anayenikimbia nitazungumza naye nini? Nimebaki kuzungumza na nyumba. Unga ni deni, mafuta ni deni, nguo za Idi ni deni, halwa ya kila siku..."

"Halwa? Nani anakula halwa nyumba hii?"

Ummu aliinama akavitazama vidole vya miguu yake kama vile ndiyo kwanza avione. Hakuna aliyehitaji jibu.

"Haya, una nini?" Bwana Wazir aliuliza.

"Sina kitu. Mali yangu yote imebaki nti ya mashifta."

"Tuna ghala," Ummu alisema.

Wazee wote wawili walimgeukia. Vyumba viwili vya chini, vilivyokuwa vikihifadhi ufuta, vilikuwa vitupu, na vina mlango wao wa kutokea kichochoroni. Ummu alieleza kuwa Mwalimu Patroba, aliyetoka bara ya mbali, anakaa Wiyoni na mkewe Nerea katika nyumba inayovuja. Wiki iliyopita alirudisha madaftari ya darasa yakiwa yamerowa, akawaomba radhi wanafunzi. Anatafuta mahali pakavu.

"Kupangisha!" Athman aliruka. "Tangu ijengwe, nyumba hii haijaingia mpangaji. Watu watasema nini?"

Sauti ya Bi Alawiya ikatoka nyuma ya pazia, laini lakini haikutetereka. "Chagua, Bwana. Mpangaji wa chini, au mnunuzi wa juu na chini."

Bwana Wazir alicheka, na Athman, akitaka asitake, akacheka pia. Walikubaliana pale pale. Kodi yote itakwenda kwa Bwana Wazir kila mwezi, Athman ataongeza juu yake, na hakuna tena neno "niandikie". Watanunua kwa fedha taslimu, au watakosa.

"Mnunuzi nitamwambia nyumba haiuzwi," Bwana Wazir alisema akisimama. "Lakini mwezi ukipita bila kitu na bila neno, sitapiga hodi tena."

Mwalimu na Bi Nerea walihamia kabla ya mwezi kuandama, na haukupita muda Bi Nerea akawa anafundishwa na Bi Alawiya kuoka mikate ya mofa. Athman alikwenda kubeba mawe kwa waashi. Marafiki zake wa barazani walimtania: "Bwana Shamba, leo umekuwa hamali?"

"Naibeba nyumba yangu," aliwajibu, akapita.

Ummu alijifunza kudarizi kofia mpaka vidole vikajaa vitobo vya sindano. Dukani alinunua alichotumwa, akaitazama halwa, akameza mate na kurudi nyumbani.

Masika ilipokuja ujenzi ulisimama, na Athman hakuwa na cha kuongeza. Safari hii alivaa makubadhi yake akaenda dukani mwenyewe, kabla siku ya kulipa haijafika, akaeleza. Bwana Wazir alipokea kodi na kuiacha nyongeza mpaka mvua zikatike.

Walilipa hivyo hadi mwaka wa pili, deni likaisha. Alasiri moja "Hodi!" ilisikika, na Athman mwenyewe akafungua. Bwana Wazir alikuwa ameshika hati ya nyumba.

"Leo hukwenda Kizingitini?"

Walicheka mpaka Bi Nerea akachungulia dirishani. Bi Alawiya alilia nyuma ya pazia, na hakujali nani anamsikia.

Mgeni alipoondoka, Athman alimweka Ummu karibu naye dakani. "Mwanangu, kukopa kidogo kidogo kulitutia shimoni, kwa sababu hatukuhesabu. Lakini nyumba ilikaribia kutuponyoka kwa sababu nilijificha. Siku uliposema kweli ndipo tulipoanza kuiokoa. Ukidaiwa, fungua mlango, sema ulicho nacho, kisha fanya kazi."

Kesho yake Ummu alisimama dukani na fedha ya kofia yake ya kwanza kuuzwa.

"Kipande cha halwa, Ami Wazir," alisema, akaiweka sarafu mezani. "Na usiandike."