Uongo Katika Daftari la Usingizi

Foleni ya duka la dawa ilikuwa ndefu kama kesi ya shamba. Fundi cherehani alisimama katika gauni la buluu lililomkaa barabara, maana fundi anayevaa vibaya hujifukuzia wateja mwenyewe. Nyuma yake alikuwa mwanamume wa mabega mapana, kofia ngumu kwapani, macho mekundu kama aliyepikia kuni mbichi. Wote wawili waliomba vidonge vya usingizi, na wote wawili wakanyimwa.

Muuza dawa aliwaelekeza kwenye matibabu ya wiki kadhaa yaliyomo ndani ya simu. Unapangiwa saa ya kupanda kitandani na saa ya kuamka. Kila asubuhi unaandika katika daftari la simu umelala kiasi gani. Ukilala vizuri unaongezewa muda kitandani, ukikesha unapunguziwa, mpaka usingizi ushike adabu.

Walijiandikisha palepale, bega kwa bega. Simu iliuliza kama mtu anaendesha mitambo mizito, na kama ndivyo, amwone daktari kwanza. Mwanamume akabonyeza hapana.

"Naendesha kreni," alimnong'oneza fundi, "lakini kreni yenyewe haiendi popote."

Fundi akacheka. Kuna vicheko ambavyo ni heri vingemezwa.

Saa ya kulala waliyopangiwa ilikuwa saa sita. Kusubiri peke yako ni adhabu, basi wakawa wanapigiana simu. Mwanamume akamwita fundi Sindano, fundi akamwita Bwana Mawingu, na kabla ya wiki tatu kwisha walikuwa wameambiana hata mambo ambayo watu husubiri ndoa kuyasema. Saa sita ikigonga wanaaga, na usingizi ule waliousaka miaka unawabeba fofofo mpaka alfajiri. Walikuwa wamepona, na hilo ndilo lililowaharibia.

"Tukiandika ukweli, tutaambiwa tulale saa tano, halafu saa nne," Bwana Mawingu alilalamika. "Tutaongea lini, mpenzi? Mchana wewe una wateja, mimi niko juu. Tuandike hatujalala."

Wakaandika hivyo. Simu, kwa kuwa haina macho, ikaamini, ikawasogezea kitanda mbali: saa sita na nusu, kisha saa saba. Kuamka kukabaki saa kumi na moja.

Fundi alianza kushona mikono ya gauni mahali pa shingo, mteja mmoja akamuuliza kama anamshonea mbuni. Hilo lilichekesha. Lakini fundi hakucheka jioni moja Bwana Mawingu aliposimulia, kama mzaha, kwamba amevuta wenzo wa kreni na hakumbuki kuuvuta. Alifumba macho kidogo tu, alisema.

Asubuhi iliyofuata Sindano aliandika ukweli katika daftari lake, akamsihi naye aandike. Akakataa. Saa ya kulala ya Sindano iliporudi nyuma, akawa anazima simu mapema, na mwenzake akazihesabu zile simu zisizopokelewa.

"Siku hizi nani anakulaza?" alimuuliza asubuhi moja, kisha akakata.

Sindano alishona shati, akalipeleka kwenye jengo alilokuwa akilijenga Bwana Mawingu, kuomba amani. Langoni aliinua macho. Furushi la nondo lilining'inia juu ya watu waliokuwa wakichanganya zege, halipandi wala halishuki. Mtu akapiga mluzi. Furushi likaanza kuzunguka polepole kwa upepo. Mluzi tena, mrefu zaidi. Kisha mnyororo ukashtuka, nondo zikapaa.

"Huwa anasimama hivyo akifikiri," msimamizi alimwambia Sindano.

Sindano alijua akifungua mdomo amempoteza mpenzi wake. Akalikunja shati, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama leso.

"Hafikiri," alisema. "Analala." Akaeleza yote, na uongo wake mwenyewe akauweka mbele.

Bwana Mawingu aliteremshwa saa ileile. Alimpita langoni, jasho likimtiririka.

"Umenishusha, Sindano."

"Nimekushusha kwa ngazi."

Akaenda zake. Siku arobaini hakupiga simu. Sindano alilala vizuri siku zote hizo, na kulala huko kulimuuma kuliko mkesha.

Bwana Mawingu alikuja mchana mmoja, Sindano akiwa amepiga magoti akipima upindo wa gauni, pini zimejaa mdomoni. Sasa anafanya kazi stoo, alisema, na daktari anamwangalia. Kila usiku analala kwa muda wa saa saba kamili. Ila akilala anaziona zile nondo zikizunguka, na safari hii hazipandi.

"Waliokuwa chini ya zile nondo nimewaulizia," alisema. "Walikuwa saba. Kila asubuhi nawasalimia mmoja mmoja kwa jina, nao wanadhani nimepata ulokole."

Akachuchumaa, macho yao yakalingana.

"Nataka mke anayejua kunichongea. Simjui mwingine. Utanikubali?"

Sindano alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. Alimtazama vizuri chini ya macho, mahali ambapo uongo wa mwenye usingizi hujificha. Kisha akasema ndiyo, polepole, kama watu wasemavyo karibu na mtu aliyelala.